Nani Anapanga Mechi?

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi, kwa niaba ya ujumbe uliotembelea Iowa, Marekani, mbele ya kamati za sharika na wageni kutoka sinodi rafiki)





Tunaanza na deni. Oktoba 2023 sisi watu watano wa dayosisi hii tulipokelewa na ndugu hawa katika mji wao mdogo wa Iowa. Taarifa ya safari ile ilishasomwa na fedha zilishahesabiwa. Lakini Jumapili ya mwisho, baada ya ibada, wenyeji wetu walituuliza swali juu ya timu ya mpira ya shule yao, nasi tukashindwa kulijibu. Tulisema tutaliombea. Wajumbe wa kamati mnajua neno hilo linavyotumika kikaoni mtu anapotaka kuinuka aende zake. Leo wenyeji wale wameketi mbele yetu, na tumeona ni vema tujaribu kulijibu hadharani, ingawa tumechelewa.

Kwanza mchezo wenyewe, maana wengi hapa hamjauona. Wamarekani wanauita futiboli, lakini si kandanda yetu. Mpira una umbo kama la yai, hushikwa mikononi na kurushwa, na wachezaji huvaa helmeti na mabega ya plastiki kama mafundi wa mgodini. Wako kumi na mmoja kila upande. Shule kubwa ina kundi la kushambulia na kundi jingine la kulinda, kwa hiyo huja na vijana sitini au sabini, na anayechoka anakaa. Kuvuka mstari wa mwisho ukiwa na mpira ni pointi sita, na kuna nyongeza ya pointi moja au mbili. Kwa hiyo mkisikia 42 kwa 0 msifikirie mabao arobaini na mawili. Ni kuvukwa mara sita. Shule za sekondari hucheza Ijumaa usiku, vyuo Jumamosi, na wachezaji wa kulipwa Jumapili.

Tulifika Alhamisi. Jioni tulipelekwa ukumbi wa usharika, na huko tukakuta vijana wa timu wanakula. Ni desturi ya usharika ule kwamba usiku wa kuamkia mechi akina mama huwapikia wachezaji wote, Walutheri na wasio Walutheri. Mama aliyekuwa jikoni alitueleza kwamba miaka ya nyuma walikuwa wanapika makaroni ya watu sitini na chakula hakitoshi. Jioni ile tulihesabu vijana kumi na tisa. Sufuria lilikuwa lile lile kubwa, makaroni yamelala chini. Mama Mwenyekiti wetu wa wanawake, ambaye hawezi kuona chakula kinabaki bila kuuliza, aliuliza wengine wako wapi.

Majibu yalikuwa mengi, na tuliyakusanya siku zote nne. Mji ule umezungukwa na mashamba ya mahindi na soya, lakini shamba lililolea familia nne miaka ya sabini sasa linalimwa na mtu mmoja na mashine zake. Miaka ya themanini madeni ya wakulima yaliwaondoa wengi. Waliobaki wana watoto wachache. Kisha sheria ya Iowa inamruhusu mzazi kumwandikisha mtoto wilaya nyingine ya shule, na kijana mwenye kipaji huona bora aende mahali penye timu inayoshinda. Helmeti moja hugharimu mamia ya dola. Na kuna hofu ya ubongo, ambayo si hofu ya bure.

Hapo tukae kidogo. Kugongana vichwa kwa miaka mingi kumeonekana kuharibu ubongo, na Wamarekani walilijua jambo hilo polepole na kwa gharama. Mwaka 2009 jimbo la Washington lilikuwa la kwanza kutunga sheria kwamba mtoto anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo aondolewe uwanjani na asirudi bila ruhusa ya mtu wa afya aliyefunzwa. Kufikia 2014 majimbo yote hamsini yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Wazazi walisikia. Msimu wa 2008/09 wavulana waliocheza futiboli ya watu kumi na mmoja katika sekondari za Marekani walikuwa zaidi ya milioni 1.1, na hicho ndicho kilele. Msimu wa 2021/22, baada ya korona, walikuwa kama 974,000. Msimu wa 2023/24 walikuwa wamerudi hadi kama milioni 1.03. Kwa hiyo mchezo haujafa, msituelewe vibaya. Bado ndio wenye wavulana wengi kuliko michezo yote ya sekondari kule. Ila upungufu haukugawanyika sawa. Shule kubwa za miji inayokua hazikuusikia. Mji wa makaroni uliusikia.

Ijumaa ikafika. Uwanja una taa kubwa, na nadhani watu wote wa mji walikuwepo, pamoja na bendi ya shule, ambayo ilikuwa na watu wengi kuliko timu. Wageni walishuka kwenye mabasi mawili. Walipopanga mistari kupasha misuli, walijaza nusu yao ya uwanja. Wetu (tulikwisha kuwaita wetu) walionekana kama watoto waliotumwa dukani.

Ilikuwa 42 kwa 0 kabla ya mapumziko.

Tungependa mjue kwamba wageni hawakufanya ubaya wowote. Kocha wao alianza kuingiza wachezaji wa akiba mapema. Kipindi cha pili saa haikusimama, kwa sababu Iowa ina kanuni kwamba tofauti ikifika pointi 35 katika kipindi hicho saa inaendelea kukimbia isipokuwa kwa sababu chache kama mchezaji kuumia. Mchezo ukafupishwa. Ukaisha 56 kwa 0, watu wakapeana mikono katikati ya uwanja, timu mbili zikapiga magoti na kusali pamoja. Picha nzuri, na tulipiga.

Lakini katika robo ya tatu tuliona jambo ambalo halimo kwenye picha. Vijana wanne walikuwa wametoka wakiwa wameumia, wamebaki kumi na tano. Wote wanashambulia na wote wanalinda, hakuna wa kumpokea mwenzake. Kocha alimwingiza kijana mmoja wa miaka kumi na nne, mwembamba, helmeti inacheza kichwani. Mbele yake alisimama wa akiba wa upande wa pili, na huyo wa akiba alikuwa na miaka kumi na saba na uzito wa mtu mzima. Kwa mtoto yule haikuwa na maana kwamba saa inakimbia. Baba mmoja alishika waya wa uzio na kupaza sauti kwamba mechi isimamishwe. Baba mwingine, hatua tatu kutoka kwake, akamjibu kwamba mwanawe hajawahi kuacha kazi katikati na hataanza leo. Hao wawili wanaketi benchi moja kanisani. Jumapili walikaa mbalimbali.

Ndipo tukaulizwa lile swali, kwenye kahawa baada ya ibada: je, watoto waendelee kufungwa hivi kila Ijumaa, au timu ifungwe kabisa? Walitaka kusikia watu wa mbali wanasemaje. Mchungaji wetu akatazama mratibu, mratibu akatazama kikombe. Mama Mwenyekiti peke yake ndiye aliyefungua kinywa, naye hakujibu, aliuliza: “Nani anapanga mechi?”

Wenyeji wetu watakumbuka kwamba kulikuwa na ukimya. Kisha kila mtu akaanza kusema kwa pamoja.

Tumelifuatilia swali hilo la Mama kwa miaka miwili, kwa kusoma na kwa kuandikiana barua, na tumeona kwamba ndilo lenye jibu ndani yake. Kufungwa pointi nyingi si jambo jipya. Mwaka 1927 huko Kansas shule ya Haven iliifunga shule ya Sylvia 256 kwa 0, na hatujasikia kwamba mtu aliomba radhi. Siku hizi watu huomba radhi na hutafuta wa kulaumiwa. Oktoba 2021 huko California shule ya Inglewood iliifunga Morningside 106 kwa 0. Mrushaji wa Inglewood alirusha mipira kumi na mitatu iliyozaa pointi, na wakiwa na 104 bado walijaribu ile nyongeza ya pointi mbili badala ya moja, wakaipata. Chama cha michezo cha eneo hilo kilikemea, shule ikaomba radhi. Ilistahili kukemewa, kwetu hakuna mjadala.

Ila angalieni kilichokuwa nyuma ya karatasi ya matokeo. Shule hizo mbili zilikuwa za wilaya moja ya shule, wilaya ambayo tangu 2012 ilikuwa chini ya usimamizi wa jimbo kwa sababu ya madeni, na ambayo wanafunzi wake walikuwa wanapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba Morningside ni miongoni mwa shule zitakazofungwa. Usiku ule wa 106 watu walimtazama kocha. Wachache waliuliza kwa nini shule moja ya wilaya ile ilikuwa na timu ya namna ile na jirani yake haina.

Sasa linganisheni na Texas. Oktoba 2013 shule ya Aledo iliifunga Western Hills ya Fort Worth 91 kwa 0. Mzazi mmoja wa upande ulioshindwa alipeleka malalamiko rasmi kwamba kocha wa Aledo amewaonea watoto. Uchunguzi ukafanyika. Ikaonekana kocha aliwatoa wachezaji wake wakuu mapema, aliacha saa ikimbie, alifanya kila kinachoweza kufanywa isipokuwa kuwaambia vijana wa akiba walale chini. Kocha wa Western Hills mwenyewe hakuona kosa. Malalamiko yakatupwa. Kocha mwema, basi, na bado 91. Shule zile mbili ziliwekwa kundi moja kwa sababu idadi ya wanafunzi wao ilikaribiana, na kwenye karatasi zilikuwa sawa.

Connecticut nao walijaribu njia ya adhabu. Mwaka 2006 waliweka kanuni kwamba kocha anayeshinda kwa tofauti ya zaidi ya pointi 50 asimamishwe mechi inayofuata. Mnaweza kufikiri matokeo yake. Timu inafika 49 na kuanza kuchezea muda, na yule anayefungwa anajua kwamba anahurumiwa. Baadaye waliiacha, wakaweka saa isiyosimama kama majimbo mengine. Sisi tunasema wazi kwamba kanuni ile ilitibu karatasi ya matokeo. Na kuna watoto ambao hukumbukwi kwao katika mijadala hii: wale wa akiba wa timu kubwa. Wamefanya mazoezi wiki nzima, wanapata nafasi katika robo ya mwisho tu, halafu unawaambia wasikimbie. Mama yake naye amelipa kiingilio.

Tukirudi kwa wapanga mechi. Iowa, kama majimbo mengine, hugawa shule katika madaraja kwa idadi ya wanafunzi, na mgawanyo wa futiboli hufanywa kila miaka miwili. Inaonekana ni haki. Shule ya wanafunzi elfu moja na mia tano inakutana na mwenzake wa elfu moja na mia tano. Lakini Jumatatu ile wenyeji walitupeleka Des Moines, mji mkuu wa jimbo, kwa sababu huko kuna familia nyingi za kutoka Kongo na Burundi na walitaka tusikie Kiswahili. Tulikisikia, na tulilishwa sombe hadi tukaomba msamaha. Katika nyumba moja mzee wa Kikongo alitueleza kwamba wajukuu wake wote wanacheza soka isipokuwa mmoja, mkubwa, ambaye kocha alimwona kwenye korido ya shule na kumwomba ajiunge na futiboli. Anacheza. Likizo ya kiangazi wenzake wa shule za pembezoni wanakwenda kwenye kambi za mazoezi za kulipia, wana vyumba vya kunyanyulia vyuma na walimu wa kuwafundisha. Mjukuu analea wadogo zake, maana baba anafanya kiwanda cha nyama zamu ya usiku na mama zamu ya mchana. Wamehama nyumba mara tatu. Ukiwahesabu kwa vichwa, yeye ni mwanafunzi mmoja na yule wa kambi ni mwanafunzi mmoja.

Na miji ya pembezoni ya Des Moines inakua kwa kasi. Ankeny ilifungua sekondari ya pili mwaka 2013, Waukee ikafungua ya pili 2021, kwa sababu watoto hawatoshi kwenye majengo. Upande mwingine wa barabara, shule za ndani ya jiji zilifungwa msimu baada ya msimu. Mwaka 2022 shule kumi na moja, tano za Des Moines pamoja na za miji kama Ottumwa, Marshalltown na Fort Dodge, zilijitoa kwenye umoja wao wa zamani wa michezo na kuunda umoja mpya, ili zikutane zaidi na zinazofanana nazo. Wapo waliosema wamekimbia ushindani. Tuliwauliza wenyeji wetu walionaje, na mmoja alijibu kwamba mtu huitwa mkimbizi na yule aliyebaki na nyumba.

Ndipo linakuja jambo lililotufanya tuandike barua nyingi. Kuanzia msimu wa 2023, Iowa ilianza kuhesabu umaskini katika kupanga madaraja ya futiboli. Njia yake ni rahisi, mhazini yeyote wa usharika anaweza kuifanya nyuma ya bahasha. Serikali ya Marekani huwapa watoto wa familia zenye kipato kidogo chakula cha mchana shuleni bure au kwa bei nafuu. Unachukua idadi ya watoto hao, unatafuta asilimia 40 yake, na unaipunguza kutoka kwenye idadi ya wanafunzi wote. Shule ya watoto 1,500 ambayo 1,000 kati yao wanapata chakula hicho, inahesabiwa kama ya 1,100. Inaweza kushuka daraja, ikutane na wanaokaribiana nayo kweli. Minnesota, jimbo la jirani, lilikuwa likipunguza kwa njia hiyo kabla yao.

Kanuni hii haikupita bila maneno. Wapo waliosema ni kuwafundisha watoto maskini kwamba wao ni dhaifu, na wakataja shule maskini zinazoshinda. Zipo kweli. Shule za vijijini nazo ziliona kwamba wakubwa wanashushwa ili wawakanyage wadogo, na hilo si neno la kupuuza, kwa sababu mji mdogo una umaskini ambao haujiandikishi. Mkulima mwenye trekta la mkopo hajazi fomu ya chakula. Sisi tunaona kanuni hii ni kipimo kibovu kidogo kilichochukua nafasi ya kipimo kibovu sana. Tunaipenda kwa jambo moja: ilifanyika kabla ya msimu, mezani, na watu wazima. Hakuna mtoto aliyelazimika kuhurumiwa mbele ya taa.

Ndugu, hapa mtatuvumilia tuseme la kwetu, kwa kuwa hatukwenda Iowa kuwachunguza wenzetu. Kwa miaka mitano ofisi ya miradi ilikuwa ikiandaa jedwali la michango ya sharika kwa mfuko wa elimu. Tulilisoma kwa sauti kwenye mkutano kama huu, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Usharika mmoja, hatutautaja, ulikuwa wa mwisho mara nne. Una kaya chache, nusu ya wanaume wamekwenda kuchimba madini, na mvua ziliwanyima miaka miwili. Mwaka wa tano wazee wake hawakuja mkutanoni. Tuliandika kwenye taarifa kwamba “mwitikio wa usharika umepungua”. Sisi ndio tuliopanga mechi, tukawaandikia pia matokeo. Tangu mwaka jana jedwali linahesabu mchango kwa kaya, na linapunguza kwa kaya zinazopokea chakula cha msaada. Sharika mbili za mjini zimelalamika kwa barua kwamba tunalea uvivu. Barua hizo zitajadiliwa kesho asubuhi, ajenda namba sita, na wenye barua wako humu ndani.

Sasa jibu letu kwa wenyeji wetu, na tunawaomba mkalimani alitafsiri bila kulipunguza makali.

Mlituuliza kama watoto waendelee kufungwa au timu ifungwe. Kuhusu Ijumaa ile tuliyoiona, tunasema mechi ilipaswa kusimamishwa. Kijana wa miaka kumi na nne hapaswi kuingia pale kwa sababu tu hakuna mwingine. Yule baba aliyeshika waya alikuwa sahihi, na tunajua si rahisi kwa mwenzake kulisikia hili kutoka kwa watu waliokula mezani kwake. Timu ikibaki bila akiba, kocha akubali kushindwa kwa karatasi. Haya ya karatasi yanapita.

Lakini kuifunga timu moja kwa moja hatukubali. Tuliona watu waliokuwa uwanjani. Duka lenu la vyakula lilifungwa, posta inafunguliwa nusu siku, wala hatukuona mahali pengine mji mzima unapokutana, wazee kwa watoto, wanaosali na wasiosali. Na wale kumi na tisa walikuwa wamekuja mazoezini tangu Agosti wakijua kwamba watafungwa. Mchungaji wetu alisema njiani kwamba hajui sharika ngapi zingepata kumi na tisa wa namna hiyo kwa jambo lolote.

Kwa mji kama wenu ile hesabu ya chakula isingesaidia sana. Ninyi hamkukosa fedha kwanza, mlikosa watoto. Na kwa hilo Wamarekani wenyewe mlishapata dawa zamani. Mwaka 1934, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, mwalimu mmoja wa Nebraska aitwaye Stephen Epler alitunga futiboli ya watu sita kwa ajili ya shule ambazo hazikuwa na wavulana wa kutosha. Mechi ya kwanza ilichezwa Hebron mwaka huo huo, ikaisha sare, 19 kwa 19. Ya watu sita bado inachezwa, Texas hasa, na ina kanuni kwamba tofauti ikifika pointi 45 wakati wa mapumziko au baada yake, mchezo unaisha hapo hapo, watu wanakwenda kula. Iowa mna ya watu wanane. Uwanja ni mdogo, wachezaji kumi na tisa wanatosha na wengine wanabaki kupumzika.

Tunajua kwamba tulipoligusa hilo kwa barua mwaka 2024 baadhi yenu mlikasirika. Mlituandikia kwamba babu zenu walicheza kumi na mmoja, kwamba kushuka hadi wanane ni kuutangazia mkoa mzima kuwa mji unakufa. Tulilielewa. Hata hapa kuna usharika uliokataa kuwa mtaa kwa sababu ya jina tu, huku una waumini thelathini. Hatukuwajibu kwa maneno mengi. Tulituma ile picha ya watoto wakila, ya Alhamisi, basi.

Jana usiku, kwenye chakula, mgeni wetu mwenyekiti wa baraza la usharika alitupa habari ambazo hazikuwa kwenye barua. Bodi ya shule ilipiga kura, kwa tofauti ya kura moja, na kuanzia msimu wa 2025 wanacheza watu wanane. Mechi ya kwanza walifungwa, 44 kwa 38. Wamejiandikisha ishirini na watatu, wawili kati yao walikuwa wamehamia shule ya jirani na wamerudi. Yule mwembamba wa helmeti iliyokuwa ikicheza kichwani sasa ana miaka kumi na sita, na tumeambiwa helmeti imemkaa. Wale baba wawili bado hawaketi benchi moja. Mmoja haji tena uwanjani siku za Ijumaa. Anasema mchezo wa watu wanane si futiboli, ila mwanawe mdogo anacheza na yeye ndiye anayempeleka mazoezini.

Mama Mwenyekiti ameuliza kuhusu makaroni. Ameambiwa Alhamisi ya kwanza yaliisha kabla waliochelewa hawajafika, ikabidi mtu atumwe mji wa pili kununua mkate.

Mwenyekiti huyo yuko hapa kulia kwetu na amekubali kujibu maswali yenu kwa dakika ishirini kabla ya chai. Maswali ya visima yasubiri mchana. Karibu, mzee wetu.